Maswali Kumi na Mawili kwa Bi Rayya

Nilikuja na maswali kumi na mawili, yamepigwa chapa,
na kinasa sauti cha ofisi, nilichokopeshwa Maskati
kwa saini na onyo.
Ibra, Jumatano, soko la wanawake.
Dereva wangu hakuruhusiwa mlangoni,
akabaki kwenye gari analalamikia bei ya tende
huku anazila.

Bi Rayya binti Msellem alikuwa jamvini
kati ya muuza hina na muuza jibini ya mbuzi,
kofia ameivisha goti
kama mtoto anayenyolewa.

"Swali la kwanza. Sanaa uliianzaje?"
"Sanaa ipi?"
"Hii."
"Hii kazi, mwanangu. Sanaa wanayo wenye kuta."

Niliandika: wenye kuta.
Nikakata la pili, na la tatu.

Kiswahili chake cha Wete, hakijaguswa
tangu mwaka ule waliposhuka uwanja wa ndege
na sufuria moja na sindano mbili.
Moja ilivunjika. Hakusema lini.
Alisema: "Watu hutazama uzi.
Kofia ni vitundu.
Uzi ni wa kuvizuia visikimbie."

Muuza hina akauliza kwa Kiarabu tunasema nini.
Akafasiriwa. Akacheka. Muuza jibini naye
akajibu swali la tano, ambalo halikuwa lake,
kwa dakika kumi.

La saba: "Jumuiya yako ni ipi?"
Sindano ikasimama.

"Kuna fundi, pale karibu na kituo cha petroli, Shofiqul.
Mashine yake hutoa kofia arubaini kwa siku.
Mimi moja kwa miezi miwili, na macho haya.
Nilimchukia miaka miwili, nakwambia kweli,
hata salamu yake nilikuwa naiacha njiani.
Siku moja kamtuma mjukuu wangu na karatasi:
ua, kalichora kwa kalamu ya risasi,
ua la shuka ya mamake, huko kwao Silheti.
Anauliza, hili kwa vitundu linawezekana?
Yeye hajui changu, mimi sijui chake,
na Kiarabu chetu sote kinachechemea.
Tukaandikiana maua.
Karatasi huenda, karatasi hurudi, mtoto analipwa biskuti."

Akaigeuza kofia. Ua lilikuwa linazunguka ukingoni.
"Atakayeliona atasema la Pemba.
Basi ndiyo hiyo, uliyoitaje?"
"Jumuiya."
"Ehe. Iandike."

Nikauliza kama hutia jina lake.
Akajibu bila kuinua kichwa, kwa sauti ya kuhesabu mishono,
na mpaka nilipofika Maskati sikujua
kwamba nilikuwa nimejibiwa kwa mizani:

*Jina langu silishoni, kichwa si mahali pake,*
*nimeliweka tunduni, upepo na ulishike;*
*akiivaa fulani, siri iwe jasho lake,*
*sindano i mkononi, uliza, nimalizike.*

Nane kwa nane. Nimehesabu kwa vidole,
kitandani, masikio yamezibwa kwa spika.
Mengine kwenye kinasa ni soko:
mbuzi, noti zinazohesabiwa, mtu anaapa kwa Mungu
kwamba jibini ni ya leo.
Na chini ya yote, tk,
sindano inatoboa kitambaa chenye wanga.
Tk. Halafu kimya kirefu kuliko nilivyokumbuka.
Tk.

Nilitaka kuinunua. Hilo halikuwa kwenye orodha.
"Ina mwenyewe," akasema.
"Shofiqul kapata mtoto huko kwao, wa kiume.
Hajamwona bado. Mkataba wake mpaka mwakani."

Ndipo nikaitazama kofia, mara ya kwanza vizuri.
Ilikuwa ndogo. Goti lote lilikuwa halijaingia.
Saa mbili nimekaa mbele yake
na kalamu, na mashine, na maswali,
sikuona.

La kumi na mbili sikuliuliza.
Dereva alitaka kujua kama huyo bibi ni maarufu.
Nikamwomba tende. Zilikuwa zimekwisha.